Karani Aliyewakosea Akina Yarlthwaite

Winifred Yarlthwaite aliwapikia wanafunzi kwa miaka thelathini na moja katika mji mdogo wa jimbo la Yorkshire, Uingereza, na miaka yote hiyo alikuwa akiwatajia watu jina lake herufi kwa herufi. Wapi! Daktari alimnyima H, kanisani wakamwongezea nyingine. Alirudisha barua, akagombana na makarani, akaonekana mkorofi.

Mdogo wake, Clement, hakujali. Yeye alishikilia kwamba Yarl ni mwinyi wa kale na jina lao lilimaanisha shamba lake, tena alichongesha ngao yenye simba akaitundika mlangoni.

Winifred alipostaafu alikwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu kutafuta asili ya jina. Mtunza nyaraka, mwanamke mpole, alifungua kitabu kilichochakaa.

"Hili hapa, mama. Miaka mia nne iliyopita liliandikwa Yowthwaite. Thwaite ni shamba lililofyekwa msituni. Yow ni kondoo jike, kwa lafudhi ya huku."

"Na mwinyi je?"

"Hakuna mwinyi. Karani alikosea, na kosa likarithiwa."

Winifred alikisukuma kitabu kando. Maisha yake yote alikuwa akilipigania kosa la mtu!

Kesho yake alipanda basi kwenda kwenye shamba lenyewe lililotajwa kitabuni. Mwenye shamba, Mzee Metcalfe, alikuwa akitengeneza lango.

"Yarl-nini?"

"Yarlthwaite. Wazee wangu walitoka hapa."

"Hapa tunapaita Kinamasi, mama. Hata kondoo siwaleti, wanaoza kwato."

Winifred akaingia hivyo hivyo. Alitarajia angalau kizingiti cha nyumba. Alikuta matete na ukuta wa mawe ulioporomoka. Mvua ikamnyeshea, kiatu kikanasa topeni, akakivuta huku akitukana.

Jioni akampigia simu Clement, akamweleza yote.

"Kondoo? Dada, umeanza kuzeeka vibaya."

"Nimeliona jina kitabuni kwa macho yangu."

"Umeona mwandiko wa mlevi."

"Ishushe hiyo ngao, unatutia aibu!"

"Sishushi ng'o!"

Simu ikakatwa. Hawakusemezana hadi Pasaka, Clement alipokuja kula kama ilivyo desturi. Alisifia mchuzi, akaulizia maua ya bustanini, akazungumzia mvua. La jina hakuligusa. Winifred alingoja aombe radhi, akangoja, kisha akampakulia viazi kwa nguvu hadi sahani ikalia.

"Vinatosha, dada," Clement alisema.

"Kula!"