Mhezi: Niling'ang'ania kamera nikining'inia jabalini, mama wa watu akachubuka viganja

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sijalisimulia lote hata kwa mke wangu. Sitatia chumvi, lenyewe linatosha.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo Same mjini. Passport size, harusi, maulidi, kipaimara, maisha yanasonga.

Ila kila mpiga picha ana ile picha moja inayomnyima raha. Yangu ilikuwa mawingu ya Mhezi, kijiji cha huku juu milimani Upare, yakiwa chini yako, jua linayatoboa, na jabali limechomoza katikati.

(Wale wa "si ungetumia drone", drone sina. Tuendelee.)

Mwaka jana nikapanda na bodaboda, nikapata chumba kwa mjane mmoja, Mama Namsifu. Anafuga ng'ombe wawili, na majani yao anayakata hukohuko juu ya jabali.

Jioni nikamweleza mpango wangu. Akaniambia, "Piga ukiwa juu, mwanangu. Chini ya jabali usishuke, mawe ya kule yana utelezi."

Nikaitikia, "Sawa mama." Kuitikia hakuna gharama.

Asubuhi saa moja nipo juu. Mwanga safi, mawingu yametanda. Lakini picha ya kutokea pale kila mtu anayo kwenye simu yake. Chini kidogo, kama kimo cha watu wawili, nikaona kijibaraza cha jiwe, upana wake kama benchi.

Nikashuka.

Wakuu, ile frame ilikuwa balaa. Nikapiga tatu, nne. Halafu nikarudi nyuma nusu hatua ili jabali lote liingie.

Wapiga picha mnaijua hiyo nusu hatua.

Mguu ukateleza. Nikajikuta kifua kipo juu ya jiwe, miguu inapiga hewa. Mkono wa kushoto umedaka mzizi.

Wa kulia je?

Umeshika kamera. Nimeiinua juu isigonge jiwe. Hapo ndipo ninapoona aibu mpaka leo.

Ukungu ukapanda, sikuona chini wala juu. Nikatamka shahada, kisha nikapiga kelele kama mwehu.

"Nani huyo?" Sauti ya Mama Namsifu, juu yangu.

"Mimi mama! Nimeteleza!"

Akasema kitu kwa Kipare, haraka haraka. Kipare changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu, lakini nilielewa kwamba si baraka.

Alikuwa na kamba ya katani ya kufungia mzigo wa majani. Akaizungusha kwenye shina la mkaratusi, akanishushia ncha.

"Shika kwa mikono miwili!"

"Mama, kamera..."

Kisha akasema taratibu, kama anamuuliza mtoto, "Nivute kamera au nikuvute wewe?"

Nikaiachia. Ikagonga mara moja, halafu sikusikia kitu tena.

Nikadaka kamba. Uzito wangu wote ukaenda kwake, kamba ikachomoka kwa kasi ikizunguka ule mti. Ukungu ukaachia kidogo, nikaona vidole vya miguu yake vimetokeza pembeni ya jabali. Udongo ukanimwagikia usoni.

"Yesu wangu!" akalia.

Nikajua ninamvuta. Tunaenda wote.

"Mama, achia!"

"Wewe panda! Usiongee, panda!"

Nikapanda kwa magoti, kwa viwiko, sijui kwa nini kingine. Tulipolala kwenye majani wote wawili tukihema, nikaviona viganja vyake. Ngozi imeondoka. Kamba ina damu.

Nyumbani nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikachana kanga nikamfunga. Akampigia simu mwanawe, ni nesi huko Gonja. Simu ikawekwa loudspeaker. Akaelezwa, akauliza kuhusu vidonda, kisha akaomba kuongea na mimi.

"Kaka, pole. Umeumia?"

"Hapana, mikwaruzo tu."

"Sasa kama leo ningekuja kumzika mama, ungenionyesha hiyo picha?"

Hakupaza sauti. Bora angenitukana.

Nikakaa kule siku tano. Nikakata majani, nikachota maji, nikakamua ng'ombe mpaka wakanizoea. Mama alikuwa ananicheka ninavyoshika mundu. Kulaumu hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa najiambia hatari ni yangu, nikifa nimekufa mimi. Uongo mtupu. Ukining'inia, kuna mtu ataacha shughuli zake aje kukuvuta, na huyo hakuitaka picha yako.

Wapiga picha na nyie wa selfie za kwenye kingo, tiririkeni hapa: ni picha gani ilikaribia kuwamaliza?

Na mwenye jibu la kumpa yule nesi anisaidie. Siku ile nilimrudishia mama simu yake, nikachukua mundu nikaenda kukata majani.