Karatasi ya Zulaika

Mwalimu Acayo, aliyenipokea chuoni nilipoanza kazi, alikuwa na chuki moja tu: hesabu za vitabuni zilizowauliza watoto wa shamba habari za treni wasizopata kuziona. Mwaka 1974, jeshi likitawala nchi, alitoka Kampala akazunguka shule sita za vijijini, akiwaambia wanafunzi wa darasa la saba: "Kaeni saa moja kando ya barabara yenu. Hesabuni vinavyopita, kisha mchore grafu."

Walichora vizuri kuliko alivyotarajia. Akirudi mjini kwa basi alizisahihisha karatasi magotini, akitabasamu, mpaka alipofikia ya Zulaika. Baiskeli tisa. Ng'ombe watano. Kisha nguzo ndefu kuliko zote, na chini yake picha ya lori la jeshi lililojaa bunduki: malori kumi na nne. Msichana alikuwa amehesabu kwa uaminifu kile kilichopita.

Basi likasimama. Kizuizi cha jeshi cha Kalerwe.

"Shuka wote! Mizigo mkononi!"

Alikuwa na kifutio, na nafasi ya kufuta kitu kimoja. Picha ilikuwa imekolezwa mno. Akafuta jina.

Askari alizipekua karatasi, akaziangusha zote matopeni isipokuwa hiyo.

"Mama, hii gari ya nani?"

"Ni somo la hesabu, afande."

"Nani nahesabu jeshi?"

"Mimi."

"Jina?"

"Acayo."

"Ahaa, Acholi!" Siku hizo kuwa wa kabila hilo kulitosha kumpoteza mtu. Akamgeukia mwenzake. "Mwalimu mzima, nakosa watoto ya kuhesabu!"

Wakacheka. Abiria walitazama chini. Askari akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sura yako nashika. Enda."

Kwa miezi mitatu, kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba yake kule Kansanga, Acayo aliacha kula akasikiliza. Aliwaandikia walimu wote: kuanzia sasa watoto wahesabu miti, tena ya shambani, si ya barabarani.

Hatimaye alizirudisha karatasi shuleni, zikiwa bado na alama za tope. Zulaika alimfuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, yangu haimo. Nilikosea wapi?"

Acayo aliitazama barabara kwanza. Kisha akainama.

"Hukukosea hata moja, mwanangu. Umepata zote. Ila usimwambie mtu ulihesabu nini."

"Hata mama?"

"Hata mama."