Mstari Mweusi Kwenye Umande

Asubuhi kabla jua halijapanda, shamba la chai huwa la kijivu kama blanketi la hospitali. Ni umande. Mtu akipita katikati ya mistari ya chai, nguo zake hupangusa majani pande zote mbili, na nyuma yake hubaki mstari mweusi. Ukisimama juu kwenye mteremko unaweza kujua nani ametangulia kazini na amepitia wapi. Sisi tuliozaliwa huku hatuulizi, tunaangalia tu.

Mume wangu, Aron Kipkirui, alipita humo kwa miaka mitatu, kutoka nyumba yetu iliyopakana na shamba la kampuni hadi kwenye kibanda cha kupimia majani. Alikuwa karani wa mizani. Tulimzika mwezi wa nane. Watu wengi wanamkumbuka kwa jambo moja, kwamba alikuwa na bastola. Ningependa wajue na mengine, kisha nitasema hilo la bastola, kwa sababu nina sehemu yangu ndani yake.

Alizaliwa Ndanai, mtoto wa tano. Alikuwa wa mkono wa kushoto na walimu walimpiga hadi akajifunza kuandika kwa kulia, lakini mwiko wa ugali aliushika kwa kushoto hadi mwisho. Kwaya ilimtegemea kwa sauti ya chini. Hakuweza kuchinja kuku. Wageni wakija alimwita jirani, halafu akaenda nyuma ya zizi kana kwamba kuna kitu anatafuta huko. Nilimcheka kwa hilo miaka mingi.

Kabla ya chai alikuwa akinunua ng'ombe kwenye mnada wa Mulot na kuwauza huku kwetu. Wezi walimuua mwenzake kwa panga kwenye njia ya kutoka mnadani, na Aron ndiye aliyeleta maiti nyumbani. Baada ya hapo aliomba leseni ya silaha. Walimchunguza, wakampima akili, wakampeleka kulenga shabaha, na mwisho akapewa. Mwaka uliofuata, saa tisa mchana, watu watatu walimzuia kwenye njia ile ile ya Mulot, kando ya shamba la mahindi yaliyovunwa. Wawili walikimbia. Wa tatu alianguka kwenye mabua. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Polisi waliandika maelezo, wakaona alijikinga, wakamrudishia bastola yake.

Wiki hiyo baba mdogo wa Aron, mzee Johana, alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Chelangat," aliniambia, "huyo kijana sasa ni mgeni wa Aron. Ukimwaga damu ya mtu anakuwa mgeni wako. Lazima akaribishwe kwa njia yake, na asindikizwe. Nimeongea na wazee wawili. Tunahitaji mbuzi, na Aron akae peke yake siku chache karibu na mto, asishike chakula kwa mikono."

"Baba, sisi ni watu wa kanisa," nikasema. "Tumeoshwa."

"Najua mmeoshwa. Huyo kijana je?"

Nilimkaribisha chai. Alikataa. Aron alikuwa ameketi ndani akisikia yote. Aliniangalia mimi, akangoja niseme. Nikasema pasta atakuja kuomba, na pasta alikuja akaomba, tukaimba, na mambo yakaishia hapo. Siku ile, mzee Johana aliposhuka njia, alikuwa amesema bila kugeuka, "Basi atakuja mwenyewe."

Aron aliacha biashara ya ng'ombe. Alipoingia kampuni alieleza wazi kwamba ana silaha, akaonyesha leseni. Meneja wa wakati ule alikuwa mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alimwambia aifiche chini ya koti na asiwahi kuitaja. Lakini kibanda cha majani si mahali pa siri. Kufikia Ijumaa wachumaji wote walijua.

Ogari, mlinzi wa geti, alikuwa akimsimamisha kila asubuhi na kumpigia saluti.

"Bwana Jeshi. Mimi nalinda kampuni nzima na rungu na tochi. Wewe unalinda majani na bastola. Tubadilishane mshahara."

"Wewe ukipewa hii, utawinda mbwa wa meneja," Aron alimjibu, na wote wawili walicheka.

Wengine hawakucheka. Phyllis Mokeira, mchumaji wa miaka mingi ambaye watu wake ni wa upande wa Kisii, alimwambia mbele ya foleni, "Karani, wewe huna ubaya na mimi. Lakini uchaguzi ni mwakani, na mimi nimeshawahi kukimbia shamba hili na mtoto mgongoni. Sipendi kupimiwa majani na mtu mwenye hiyo kitu." Aron alirudi nyumbani akaniambia kwamba Phyllis alisema kweli.

Watu wetu wenyewe, Wakipsigis, hawakuogopa bastola. Waliogopa mkono. Habari ya Mulot ilikuwa imefika, na pia habari kwamba mbuzi hakuchinjwa. Saa nne, wakati wa mapumziko, Aron alikuwa akifungua chupa ya chai na kuwamiminia wapakiaji. Walisema wameshiba. Phelix, kijana wa kupakia magunia ambaye hakuwa wa kabila letu na hakuelewa, alichukua kikombe siku moja, na mwenzake akakipiga kikamwagika. Baada ya siku hiyo Aron alikunywa peke yake. Lakini alizoea kumimina vikombe viwili, akiweka kimoja pembeni ya mizani, labda atatokea mtu.

Mwaka huu akaja meneja mpya. Mwezi wa saba tangazo lilibandikwa getini na kutumwa kwenye simu za wote: silaha ya aina yoyote hairuhusiwi ndani ya mipaka ya kampuni, yenye leseni au isiyo na leseni. Afisa wa wafanyakazi, Bwana Obure, alimwita ofisini. Aron alinieleza mazungumzo yao neno kwa neno.

"Mzee, sikushtaki," Obure alisema. "Umefuata sheria zote za serikali. Lakini hii ni sheria ya mwajiri."

"Kwenye stoo yako una visu vya kupogoa mia mbili."

"Na jioni tunavihesabu vyote. Yako siwezi kuihesabu, mzee. Acha nyumbani, ama uache kazi. Nakupa hadi Jumatatu, na naomba usinichukie."

Aron alitaka kuacha kazi. Alikuja akaniambia hivyo akiwa amesimama, bado na koti. Nilidhani ni kiburi. Tulikuwa na kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani chumbani, kama leseni inavyotaka, na ufunguo ni wake peke yake. Nikamwambia, "Baba Mercy, mtu wa Mungu hahitaji chuma kiunoni kwenda kupima majani. Weka humo. Uone kama utakufa."

Nilisema hivyo. Naandika kama nilivyosema.

"Wewe hujui kwa nini ninaibeba," alinijibu.

"Niambie basi."

Alikaa kitandani. Aliniambia kwamba tangu Mulot kuna mtu anayetembea pamoja naye kila asubuhi. Hakuwahi kumwona. Alisikia tu majani yakisuguana, mbali, kule kwenye mikaratusi mwisho wa shamba. Aron akisimama, yalinyamaza. Bastola ikiwa kiunoni, yule hakuwahi kutoka kwenye mikaratusi. Ndiyo maana aliivaa. Hakuivaa kwa sababu ya wezi.

Nilimshika mikono nikaomba. Jumatatu alifungia bastola ndani ya kisanduku na kwenda kazini.

Siku hizo nilikuwa nikibaki nyumbani na kile kisanduku. Kiko kwenye ukuta unaopakana na jiko, ukuta ambao huwa na joto mchana kutwa. Niliweka kiganja juu yake nikipita na nguo za kufulia, na chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikajiambia ni chuma tu.

Jioni ya kwanza Aron alirudi akaniambia, "Ametoka kwenye mikaratusi. Leo alikuwa mstari wa nane kutoka kwangu." Jumatano alisema mstari wa nne. Alhamisi alisema wa pili. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetoa habari ya mvua. Nilimsihi angoje Jumapili, pasta aje tutembee pamoja shambani. Alisema Jumapili ni mbali.

Ijumaa nilienda naye. Nilimwachia binti yetu Mercy kazi ya kukamua, nikavaa gamboti, nikachukua Biblia kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, kumekucha kabisa, ukungu ukiwa chini bondeni na juu kukiwa kweupe. Hapakuwa na upepo. Wachumaji walikuwa bado hawajaingia upande ule. Niliangalia mbele yetu: shamba lote la kijivu, hakuna aliyepita.

Tulitembea. Aron mbele, mimi nyuma. Tulipofika katikati alisimama.

"Sasa angalia nyuma," akasema.

Niligeuka. Mstari wetu mweusi ulikuwa unatufuata kutoka nyumbani, kama ilivyo kawaida. Kando yake, mstari mmoja tu wa chai kutoka wetu, kulikuwa na mwingine. Ulianzia kule kwenye mikaratusi, ukashuka, ukajiunga na mwendo wetu, ukaja sambamba nasi hadi hapo tulipo. Ukaishia hapo. Chai kwetu inafika kiunoni tu. Mtu mzima hawezi kujificha ndani yake akiwa amesimama. Mahali ule mstari ulipoishia majani yalikuwa yakidondosha maji, tone, tone, kama yameguswa sasa hivi, na hapakuwa na mtu.

Nilifungua Biblia na kuanza kusoma kwa sauti, zaburi yoyote iliyojifungua. Sauti yangu ilisikika ndogo. Aron alinishika bega.

"Mama Mercy, wacha. Mimi nimechoka kumfukuza mtu ambaye sikumkaribisha."

Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu wa kwetu hulifanya mgeni akimkuta njiani. Alisogea pembeni ya njia, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akasema kwa Kipsigis, kwa sauti ya kawaida, kwamba njia ni pana na waende pamoja. Alimtaja kwa jina. Miaka minne, na sikuwahi kujua kwamba Aron anajua jina lake. Alikuwa amekwenda polisi kuliuliza, peke yake, wiki ile ile ambayo mimi nilikataa mbuzi.

Akaanza kutembea. Alitembea polepole, upande mmoja wa njia, kama mtu anayelinganisha hatua na mwenzake mwenye miguu mifupi. Nilifuata nyuma. Ule mstari wa pembeni haukuendelea. Majani ya kando yalibaki ya kijivu mpaka kibandani.

Nilikaa huko hadi saa nne. Alipima majani na hakuangalia nyuma hata mara moja. Phyllis Mokeira alipofikisha gunia lake alimtazama chini ya koti, akaona pale hapana kitu, akamtazama usoni. Wakati wa mapumziko Aron alimimina vikombe viwili. Phyllis alisogea akanyoosha mkono kwenye kile cha pembeni.

"Hicho kina mwenyewe, mama," Aron akamwambia kwa upole, akamsukumia chake. "Kunywa hiki."

Phyllis alikunywa, wapakiaji wakimwangalia. Mimi niliangalia kile cha pembeni mpaka nikaondoka. Sitasema kilipungua. Kilipoa, hilo najua, maana mvuke wake ulikatika mara moja, kama moto uliofunikwa.

Jumatatu iliyofuata Phelix alipakia gunia la mwisho, akaita karani atie sahihi. Aron alikuwa ameketi kwenye kreti, ameegemea nguzo, macho yakiangalia shamba. Phelix alidhani anapumzika. Daktari alisema ni moyo. Ogari aliondoka getini bila ruhusa, na rungu lake mkononi, akaja kunipa habari, akasimama tu mlangoni, mahali aliposimama mzee Johana.

Polisi walikuja kuichukua bastola. Walifungua kisanduku kwa ufunguo uliotoka mfukoni mwa Aron, wakahesabu risasi, zote zilikuwemo, nikatia sahihi. Bwana Obure alikuja mazishini akasimama nyuma. Baadaye aliniuliza kama tangazo lake ndilo lililomuua mzee. Nilimwambia hapana. Tangazo lake lilimwondolea chuma. Aliyemnyima mbuzi ni mimi. Hakuelewa, na sikumweleza.

Pasta ananiambia Aron yuko mikononi mwa Bwana, na ninaamini hivyo. Namwombea kila asubuhi, na sasa namwombea na yule kijana, kwa jina, ingawa kanisa letu halina sala ya namna hiyo.

Siku ya pili baada ya mazishi niliamka mapema kupeleka maziwa. Nilisimama kwenye ua, nikaangalia shamba la chai. Kampuni ilikuwa imefunga sehemu ile kwa ajili ya kupuliza dawa na wachumaji hawakuruhusiwa kuingia. Lilikuwa la kijivu lote, isipokuwa mistari miwili myeusi, karibu karibu, iliyoanzia kwenye ua wetu pale nilipokuwa nimesimama na kupanda moja kwa moja hadi kwenye mikaratusi. Nilingoja jua likaushe umande wote. Hakuna mstari uliorudi.