Bibi Anataka Mtoto wa Dada Akatwe Kimeo Kesho

Admin, naomba ulifiche jina langu. Bibi hana simu ya kupangusa, lakini majirani zetu hapa Nkuhungu wanazo.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu. Naishi na bibi aliyetulea, pamoja na dada yangu mwenye mtoto mchanga wa kiume. Mtoto ananyonya vizuri na uzito unaongezeka, ila jua likianza kuzama anakunja miguu tumboni na kulia mpaka dada naye analia.

Juzi niliwasindikiza kliniki. Nesi alimpima, akamwangalia mpaka kooni, akasema haumwi, ni chango la wachanga, huwa linaisha lenyewe akifikisha miezi mitatu minne hivi. Akatuonyesha jinsi ya kumcheulisha kila akimaliza kunyonya. Akasisitiza kwamba akipata homa, akitapika sana au akikataa ziwa, tumrudishe haraka.

Bibi aliposikia alicheka. "Chango gani hilo linalosubiri jioni? Hicho ni kimeo. Mama yenu nilimpeleka akakatwa, mbona alikua?"

Ameshaongea na mkata vimeo huko Bahi, na safari ni kesho asubuhi. Nilimkumbusha mtoto wa jirani, aliyekatwa kile kinyama cha kooni akavuja damu hadi akalazwa. Akanijibu, "Wewe msomi, umezaa wangapi?"

Nilimvuta dada pembeni. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, nikimkatalia bibi, nitamlelea wapi huyu mtoto?"

Leo kilio kilipoanza nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, nikazunguka naye uani huku nikimsugua mgongo. Akacheua, akalialia kidogo, akatulia. Bibi alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini.

"Amechoka tu huyo," akasema. Kisha akasogea. "Hebu nione, kichwa umekishikaje?"

Nikamwonyesha. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akarudi kwenye uwele wake. Safari hakuitaja, lakini mkoba wenye kanga za mtoto bado uko mlangoni.

Bibi si mtu mbaya. Kilio kile kinamtisha kama kinavyotutisha sisi. Ila koo la mtoto likishakatwa, limekatwa. Dada zangu, mama zangu, nishaurini: kesho nikishamwamkia shikamoo, nimwambie nini aahirishe safari bila kuona nimemvunjia heshima?