Swali kwa Nuktamkato

Kazini walimwita Nuktamkato, maana aliyesahau kuweka alama hiyo mwishoni mwa mstari wa programu hakuwa na usalama naye. Alikuwa fundi wa programu, mtu wa maneno machache na utani mkavu, mpaka kiharusi kilipomshika asubuhi moja akifunga viatu. Kilimwachia miguu ya kujikongoja, mkono wa kushoto na akili timamu. Ulimi kikaufunga mafundo.

Wageni walikuja. Wakamsemesha kwa sauti ya juu kama kiziwi, kisha wakamgeukia mkewe: "Anakula vizuri?" Naye yuko palepale, anawatazama. Baadaye wakaacha kuja, akazoea kukaa dirishani akiangalia nguo za jirani zikikauka.

Siku moja akaja binti aliyewahi kufundishwa kazi naye, kompyuta kwapani. "Shikamoo, mwalimu. Sikuja kukupa pole. Nimekwama."

Mkewe akamkodolea macho, lakini Nuktamkato alishavuta kiti.

Binti akaeleza. Programu yao inayoita wagonjwa kwenye foleni ya hospitali ilikuwa imegeuka bubu. Namba zinaonekana kwenye skrini, sauti hakuna. Wasioona wanakaa mpaka zamu zao zinawapita. Yote yalianza walipobadilisha chombo cha kuunganishia programu. Chombo kipya hupitia kila faili kikitafuta mistari inayotaja mafaili mengine linayoyategemea. Kikikuta jina, hulifuata, na kulisoma hilo nalo, hadi mnyororo uishe. Faili lisilotajwa popote huachwa nje.

"Mafaili ya sauti yote yameachwa," alisema. "Na mimi naona kabisa yanatumika."

Nuktamkato akasoma polepole, kidole kikishuka kwenye skrini. Kikasimama. "Ha... hakioni."

"Hakioni nini?"

Midomo ikahangaika. Mkewe akataka kumsaidia. Binti akamzuia mke kwa kumshika mkono kidogo, wakasubiri wote wawili.

"Jina," alisema. "Vi... vipande."

Binti akainamia mstari ule. Jina la faili halikuandikwa zima: neno "sauti" lilikuwa linaungwa na lugha ya mgonjwa pale tu programu inapokuwa kazini. Chombo kinasoma maandishi, hakiendeshi programu. Kingejuaje?

"Na nani aliyetuletea ujanja huu?" akauliza.

Nuktamkato akajigusa kifua, akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Binti akaandika majina yote, mazima, mahali chombo kinapotazama, akaunganisha upya. Kompyuta ikasema kwa upole: "Mgonjwa namba nane, chumba cha pili." Mkewe akaenda jikoni ghafla, na huko akakaa muda akifuta meza iliyokwisha takata.

"Nije tena Alhamisi? Kuna mengine, tele."

"Njoo," akasema.

Alhamisi aliomba kwa ishara shati la bluu, la kazini. Mkewe akalipiga pasi, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Haya, bosi," akamwambia, akimnyoosha kola, jicho mlangoni kumngoja binti. "Leo ofisi ndiyo iliyochelewa."