Mlango wa Kalsiamu

Kwenye kota za mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang, mtu aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama fulani, Baba fulani. Mimi na mume wangu wa kwanza hatukuwa na mtoto, kwa hiyo mimi nilibaki Mwalimu, na yeye, kwa kuwa aliendesha mashine ya kuvunia, akabaki Kombaini. Yeye jina hilo lilimchekesha. Mimi hapana, lakini mimi ni mtu wa kununa upesi, hata wanafunzi wangu wanajua.

Mimba ilipokawia, alifanya jambo ambalo wanaume wengi wa pale wasingelifanya. Alikubali kupimwa. Tulikwenda wote hospitali, na mpimaji aliposikia kuwa nafundisha baiolojia akaniita na mimi nichungulie kwenye hadubini. Niliziona mwenyewe mbegu za mume wangu. Zilikuwa nyingi, zinaogelea vizuri, kila moja na safari yake.

"Hizi hazina neno," mpimaji akasema. "Sasa tumwangalie mama."

Kuanzia siku ile tasa nikawa mimi. Kombaini hakulitamka neno hilo hata mara moja. Mama yake alipoleta habari za mke wa pili, alimjibu, "Mama, Mwalimu ananitosha," akaendelea kula. Dada zake hawakuwa wapole hivyo. Nikachoka, nikaomba kuondoka. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila tu, ya kanisani tulikuwa hatujafunga, kwa hiyo hakuna padri aliyenizuia. Yeye mwenyewe alinisindikiza mpaka kwa wazazi wangu, kijijini Daudi, sanduku langu begani kwake.

Baadaye nikaolewa na bwana afya aliyehamishiwa Mbulu kutoka mkoa mwingine, na mimba ikaingia kabla hata sijalizoea jiko lake. Nilifurahi kupita kiasi. Siku ya mnada nilikutana na dada mkubwa wa Kombaini. Nilikuwa na kanga begani, ningeweza kujifunga tumbo lisionekane. Sikujifunga. Alilitazama tumbo, akanitazama usoni, akasema, "Hongera, Mwalimu," kisha akaondoka bila kununua kitu.

Haikuchukua muda, kota nzima ikajua shida ilikuwa ya nani. Tumbo lililonisafisha mimi ndilo lililomchafua yeye. Habari zilinifikia kuwa madereva wenzake wanamtania kwamba kuvuna anajua, kupanda ndiyo hajui. Akaacha kazi, akahamia Gendabi kwa dada yake yuleyule, wala hakuoa tena. Nilizaa wengine baada ya yule wa kwanza, na kila mmoja nilimpokea kwa furaha iliyochanganyika na haya, kana kwamba nimechota kwenye debe la mtu mwingine.

Mashamba ya serikali yalikuwa yameshakufa zamani, na mimi nakaribia kustaafu, niliposoma jambo ambalo enzi zetu halikuwa limejulikana. Mkia wa mbegu ya kiume una vijilango vidogo mno. Mbegu inapolielekea yai, vijilango hufunguka, chembe za kalsiamu zinaingia, na mkia uliokuwa ukipepea taratibu unaanza kuchapa kama mjeledi. Bila kuchapa hivyo, mbegu haipenyi utando wa yai. Wapo wanaume ambao vijilango vyao havifanyi kazi. Ukiwapima kwa kuchungulia tu, unaona mbegu zinaogelea, unasema hazina neno. Nilikifunga kitabu pale ofisini nikalia, nikawaambia wenzangu ni mafua.

Bwana afya nilimwambia ninakokwenda. Akasema nimsalimie.

Nilimkuta Kombaini anaziba zizi kwa miiba, nywele zote nyeupe.

"Mwalimu," akasema. "Au siku hizi nikuite mama nani?"

"Niite Mwalimu."

Alinipa kigoda. Nikachukua kijiti, nikamchorea chini ule mkia na vijilango vyake, nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha nne.

"Kwa hiyo hazikuwa zimekufa," akasema.

"Hapana. Niliziona kwa macho yangu."

"Na zilikuwa zinafika?"

Hapo nikakwama. Kitabu kilisema nyingi za namna hiyo hukwama njiani, yai zisilikaribie kabisa. Tena sikuwa na hakika kama hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima kwa hilo. Nilikuwa nimepanda basi mpaka pale na jambo la kukisia. Lakini alikuwa ameinamia ule mchoro, kidole chake kinafuata mkia, na sikuweza.

"Zilifika," nikasema. "Zilifika mpaka mlangoni."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Kisha akageuka, akaita kuelekea jikoni.

"Dada, njoo umsikie Mwalimu."

Dada yake akatoka, amezeeka, anafuta mikono kwenye kitenge. Akakaa mbele yangu, akanitazama usoni vilevile kama siku ile ya mnada.

"Mwambie na yeye," Kombaini akasema.

Nikamwambia na yeye kwamba zilifika.