Bwana yangu alivuta kamba mara mbili, mimi nikamuacha mu tanki

Admin, ficha jina langu. Majina ya hawa watu pia nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka 34, ninaishi Katoyi hapa Goma, niko na bwana na watoto watatu. Mwenye kunitukana anitukane, lakini asome kwanza mpaka mwisho.

Bwana yangu, Papa Aline, anasafisha matanki ya mazutu, yale mafuta ya magari na mashine. Tangu vita ifunge barabara, mazutu inafika hapa imekwisha kupita mu bidon za watu wengi, imejaa maji na uchafu, na magroupe ya umeme ya watu yanazimika ovyo. Basi wanamuita. Anakuja na pompe yake ya kubeba mukononi, anavuta mazutu toka chini ya tanki, anaipitisha mu filtre, inatoka safi. Matope meusi yanabakia chini. Hapo anaacha tanki wazi lipate hewa, kisha anaingia mwenyewe kuyakwangua, pompe ikiyanyonya. Anafunga kamba kiunoni, na mutu anaishika huku inje, kwani harufu ile inaweza kumulewesha akose hata sauti. Akivuta mara mbili, mutoe mbio. Ndiyo maana watu wa kazi hii wanapatia kamba muke wao ao ndugu wa tumbo moja. Mimi niliishika miaka saba, na nilijivunia, jamani!

Nilipozaa mutoto wa tatu walinipasua tumbo. Docteur akakataza nisivute kitu kizito. Ni wakati ule watu walikuwa wanakimbia toka Rutshuru na magodoro kichwani. Mu shirika letu la sala wakaomba kila nyumba ipokee watu. Mimi mwenyewe nilinyoosha mukono. Tukapata Mama Sifa, mujane mwenye alikuwa analala kambini, na watoto wake wawili. Na mimi mwenyewe, hakuna mutu alinisukuma, nilisema: "Papa Aline, mupatie huyu kamba, asikae bure." Nilimufundisha mimi mwenyewe kwenye parcelle, inje ya nyumba yetu, na kiti cha plastiki kikiwa mahali pa bwana.

Wivu ulianza kidogo kidogo. Wanarudi jioni wote wawili wananuka mazutu, wanacheka jambo lenye mimi silijui. Nikiuliza, bwana ananijibu: "Ah, ni mambo ya kazi tu, mama." Siku moja akamununulia mabottes, viatu virefu vya mpira, sawa na yake. Nikayakuta mbele ya mulango, pea mbili, zinafanana kabisa, mimi niko na sandale! Siku ingine akasema mbele ya watoto: "Mama Sifa ana mukono mwepesi, hata sijamaliza kuvuta amekwisha kunielewa." Nikaondoa sahani. Nilichunguza telefone yake, nilinusa mashati, nilimutuma mutoto wetu Aline awafuate. Hakuna kitu nilipata. Ningepata hata kimoja, ningelia na kumaliza.

Kidonda kilipopona nikasema narudi kazini. Bwana akafurahi sana. Tukaenda watatu kwenye tanki la mashine moja ya kusaga unga kule Mapendo. Mimi nikashika kamba, Mama Sifa akasimama kwenye pompe. Bwana akaingia. Kisha nikasikia sauti yake toka chini: "Mama Sifa! Punguza, Mama Sifa!" Mara mbili jina lake, langu hata mara moja. Ni kweli yeye ndiye alikuwa kwenye pompe, angemuita nani? Leo ninaelewa. Siku ile niliona wivu tu.

Kamba ikavutwa. Mara moja, mara mbili.

Nilisikia. Musiniulize kama nilisikia. Nikajisemea mu roho: amuite Mama Sifa wake amutoe. Na sikuvuta. Ni muda gani, sijui, labda wa kusema Salamu Maria moja na kuanza ya pili. Kamba ikalegea mu mikono yangu. Mama Sifa akanitazama usoni, akaacha pompe, akaninyang'anya kamba, akavuta akilia: "Vuta, Mama Aline, vuta!" Hapo nikaamka, nikavuta pamoja naye. Bwana akatoka macho yamegeuka, akatapika, akabakia chini anahema.

Alipopata nguvu akauliza: "Nilivuta. Kulikuwa nini?"

Nikajibu mbio: "Kamba ilikwama. Mama Sifa hakuikunjua vizuri asubuhi."

Mama Sifa alinitazama tena. Nilingoja aseme. Anakula kwangu, watoto wake wanalala kwangu, akainamisha kichwa: "Unisamehe, Papa Aline."

Bwana alimufukuza kazi siku ile ile. Mimi sasa ananiita mukombozi wake. Ameeleza mu shirika, wamama wamenipigia vigelegele, na Mama Sifa amekaa nyuma anapiga pia. Yeye anarudi kwenye kambi ya wakimbizi Jumamosi hii, anasema hataki kutuchosha. Jana nilimukuta anafua nguo za mutoto wangu. Nikamuambia: "Acha, Mama Sifa." Akajibu: "Nimalize tu, mama, nazifua pamoja na za wanangu, kule kambini hakuna maji." Nikaingia nyumbani nikalia mpaka kichwa kikauma.

Nikisema ukweli, bwana yangu atajua muke wake alimuacha akifa, na ndoa yangu ni kwisha. Nikinyamaza, huyu mama anarudi chini ya hema la bâche na watoto wake kwa kosa langu. Na mimi mwenyewe ninajiogopa, kwani ule wivu haujaisha, hata sasa jina lake likitajwa ninausikia.

Ndugu zangu, mwenye akili anisaidie. Jumatatu bwana anaingia mu tanki lingine, kubwa kuliko lile, na amekataa kabisa mutu mwingine ashike kamba. Anasema ni mimi tu. Nitamujibu nini?